Frida na Pantoni ya Ikombe

Kama umewahi kununua chungu kwa wanawake wa Kikisi kwenye gulio la Matema siku ya Jumamosi, unajua kwamba mnunuzi wa kule hauziwi kwa macho. Anakishika chungu mdomoni, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Kikilia vizuri anaanza kuulizia bei. Kikitoa sauti ya kukohoa anakirudisha chini bila hata kuaga. Mfinyanzi aliyeketi nyuma ya vyungu vyake anangoja saa hiyo kwa hamu, maana kugongewa chungu chako mbele yako, watu wakasikia, ni sifa ambayo huwezi kumtuma jirani akuletee nyumbani.

Tekla wa Ikombe alikuwa ameikosa sifa hiyo kwa muda mrefu. Ikombe haina barabara. Mlima umeteremka hadi ziwani bila kuacha nafasi ya gari, na anayetaka kwenda Matema ana njia mbili tu: kupanda na kushuka mawe kwa miguu, au kuingia kwenye mtumbwi. Mtumbwi Tekla alikwisha kuuapia. Upepo wa mwera, ule mkali utokao kusini, uliwahi kuupindua akiwa ndani, akabaki ameng'ang'ania tumbo la mtumbwi huku akitazama vyungu vyake vikijaa maji na kuzama mbele ya macho yake, mpaka kaka yake Jailos alipokuja kumwopoa. Toka siku ile alisema maji ya ziwa atayachota, atayaoga na kuyanywa, lakini hatayapanda. Akawa anakwenda gulioni kwa miguu. Kisha magoti nayo yakagoma.

Binti yake, Frida, ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, na sitaficha kwamba namhusudu. Ufinyanzi haukumkubali hata kidogo. Vyungu vyake vilipasuka motoni vyote, na wenzake walimwambia waziwazi kwamba anawapotezea kuni. Akaenda Mbeya, mtaa wa Mwanjelwa, kwa shangazi yake, kufanya kazi za ndani. Jirani palikuwa na karakana ya mageti ya fundi mmoja aitwaye Kalinga. Frida alikuwa akitumwa chumvi dukani, anarudi shangazi amekwisha kula bila chumvi, kwa sababu amesimama kwa Kalinga anatazama cheche. Kalinga alipochoka kumfukuza alimpa miwani ya kuchomelea. "Haya, shika. Ukiungua usiniambie."

Aliungua, na hakumwambia. Alijifunza mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Baadaye akakaa Ilula akiwachomelea wakulima wa nyanya matangi ya maji, na kazi hiyo ilimtia adabu. Geti likiwa na tundu dogo, unapaka rangi na maisha yanaendelea. Tangi likiwa na tundu dogo, maji yatalitafuta mpaka yalipate, na mwenye tangi atakutafuta wewe. Wanaume walimcheka, wakamwita Bibi Cheche. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Frida alichomelea, akarudi Mbeya, akafungua karakana yake.

Pasaka moja alikwenda Ikombe kumsalimu mama yake, akakuta jambo lililomtia hofu kuliko ugonjwa. Udongo wa kufinyangia ulikuwa shimoni, umekauka, una nyufa. Tekla alikuwa ameketi mlangoni, mikono mapajani, safi bila udongo.

"Mama, hufinyangi?"

"Nifinyange vya nini? Wanavibeba akina Eveline, wanavichanganya na vyao, wakirudi wananiambia vimekwisha. Nani kavishika, kavigonga vipi, kasema nini, hawajui. Mimi nimekuwa mchota udongo tu, mwanangu."

Frida alijua kukaa hivyo kutammaliza mama yake. Hakulala vizuri, na asubuhi alitembea ufukweni kupunguza mawazo. Huko ndiko alikoikuta pantoni.

Iliachwa na mtu mmoja aliyetaka kutembeza watalii ziwani. Watalii hawakuja kama alivyoota, naye akaondoka, akaiachia serikali ya kijiji. Ilikuwa maboya mawili marefu ya chuma, kila moja refu kuliko mtumbwi mkubwa, na juu yake palikuwa na sakafu. Nasema palikuwa, kwa sababu kijiji kilikuwa kimeila. Mabati ya sakafu yalikwenda, mabomba ya kushikilia yalikwenda, mfuniko wa boya moja ulikwenda, na kuku wa mtu walikuwa wanataga humo ndani. Kutu ilikuwa imekula kingo, magugu yamepita katikati.

Frida aliinama, akaligonga boya, akalikwangua kwa kisu. Chini ya kutu chuma kilikuwa bado kinene. Alisimama akaangalia upande wa Matema, kisha akaangalia nyumba ya mama yake.

Mwenyekiti wa kijiji alimkubalia kwa kicheko. "Chukua, fundi. Ukishindwa, tutawauzia watu wa chuma chakavu."

Kazi ya kwanza haikuwa ya kuchomelea. Ilikuwa ya kubisha hodi. Frida alipita nyumba kwa nyumba akivitafuta viungo vya pantoni, na alivikuta vikiwa na maisha mapya. Bati moja lilikuwa mlango wa banda la kuku, jingine meza ya kuanikia dagaa. Mabomba yalikuwa zizi la mbuzi la mjomba wake Jailos. Mfuniko wa boya ulikuwa unaning'inia kanisani kwa Walutheri, ndiyo kengele, na mwinjilisti alisema haiwezekani, waumini wamekwisha kuizoea sauti yake. Mkono mtupu haulambwi, na Frida alilijua hilo. Aliyempa bati alitengenezewa mlango wa mbao. Jailos alijengewa zizi upya. Mwinjilisti aliletewa ringi ya lori kutoka Kyela. Akaigonga, akaigonga tena, akakiri kwamba hii inasikika mpaka kwa wasiosali.

Jenereta na mashine ya kuchomelea vilivuka kutoka Matema juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa magogo, Jailos akipiga kasia huku akilalamika njia nzima. Kisha Ikombe ikaanza kusikia ngurumo mchana kutwa. Frida alikwangua kutu, akakata palipooza, akabandika bati jipya. Alipomaliza boya alilijaza upepo kwa pampu, akalipaka povu la sabuni kila mshono. Palipotoa mapovu alirudia. Mikono ilimvimba, macho yakawa mekundu. Eveline, jirani yao, akipita na ndoo ya udongo kichwani, alikuwa akimtania: "Mchumba wako huyo hasemi hata ahsante!"

Tekla hakukanyaga ufukweni. Alimpelekea mwanawe chakula kwa mikono ya watu. Lakini Frida aliporudi jioni moja alikuta udongo shimoni umelowekwa maji. Siku zilizofuata vyungu vilianza kupangwa ukutani kukauka, na baadaye moshi wa kuchomea ukapanda nyuma ya nyumba. Frida aliuona akiwa amelala chali chini ya pantoni, akatabasamu peke yake.

Ikaja Jumamosi. Pantoni ilikuwa imeshushwa majini tangu jana yake, imepakwa rangi ya buluu, mashine ya boti ya kuazima imefungwa nyuma, nayo ilielea imetulia. Ziwa lilikuwa tulivu. Wanawake walifika na vyungu vyao vilivyofungwa kwenye nyasi, wakavipanga. Tekla alikuja wa mwisho, ameshikwa mkono na Jailos, amevaa kitenge cha sikukuu. Alisimama ukingoni akiangalia maji kwa muda. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akapanda, akakaa katikati kabisa, macho ameyafumba.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika.

Mtu wa Ikombe amezaliwa ndani ya mtumbwi, na sheria ya mtumbwi anaijua kabla hajajua kuongea: kaa katikati, kwenye mgongo wake, mmoja nyuma ya mwenzake, anayeegemea ukingoni anawaua wote. Basi wanawake wote walijipanga katikati ya pantoni, mstari mmoja, magoti yamegusa migongo, na vyungu wakavivuta karibu nao. Pande mbili, juu ya maboya, pakabaki patupu. Pantoni ilipotoka kidogo ufukweni, vyuma vya katikati vilivyobeba uzito wote vikaanza kulia. Sakafu ikabonyea. Maji yakachungulia kwenye maungio, yakalowesha kanga.

"Jamani, sogeeni pembeni!" Frida alipiga kelele. "Nendeni juu ya maboya! Nusu huku, nusu kule!"

Nani asogee? Walishikana zaidi. "Pembeni tutapinduka!" alilia Eveline, ambaye leo utani ulikuwa umemwisha. "Turudishe, Frida! Turudishe!"

"Haipinduki! Ni mitumbwi miwili hii, imeoana! Uzito ukae juu ya mitumbwi, siyo katikati!"

Maneno yalikuwa ya kweli, lakini mtu mwenye hofu hasikii kweli. Vyuma vililia tena. Frida alishika usukani, na moyo wake ulikuwa umevunjika tayari, naye aliona wazi kitakachotokea. Atazima mashine, atawarudisha, na mama yake atashuka. Akishuka leo, hatapanda tena chombo chochote mpaka afe. Udongo utakauka shimoni mara ya pili. Alitaka kulia, na hakuwa na mkono wa kufutia machozi.

Tekla akafumbua macho. Aliangalia maji yaliyolowesha kitenge chake, akaangalia wanawake waliomkumbatia, kisha akageuka akamwangalia mwanawe. Alimwangalia sana, jinsi anavyokiangalia chungu kilichotoka motoni kabla hajakiamini.

"Pembeni wapi?" akauliza.

"Hapo, Mama. Juu ya boya. Kulia kwako."

"Umekaza?"

"Nimekaza, Mama."

Yule mwanamke aliyewahi kutazama vyungu vyake vikizama, aliyeapa mbele ya kijiji kizima, alijikokota kwa magoti yake mabovu mpaka ukingoni, akibeba chungu chake kikubwa kifuani. Chungu kikagonga sakafu. Alikaa. Pantoni iliinama kidogo sana upande wake, kisha ikatulia.

"Eveline," akasema, "nenda upande ule, unilinganishe. Na wewe mnene, umfuate. Mnalia lia kitu gani? Huyu mtoto nilimzaa mimi, anajua anachokifanya."

Walikwenda, mmoja mmoja, wengine kwa kutambaa. Kila aliyesogea, vyuma vilipunguza kelele, na sakafu ikanyanyuka. Maji yakarudi chini yalikotoka. Frida alifungua mafuta, pantoni ikaelekea Matema imenyooka, na machozi yakamshuka bila aibu mbele ya watu wote. Siyo ya woga tena. Alikuwa ameridhika, na sijui kama kuna fundi aliyewahi kupewa ujira unaozidi ule.

Walipokaribia Matema watu walitoka gulioni kuja kutazama. Wengine waliingia majini kuwapokea, wakaanza kushusha vyungu. Wanawake wa Ikombe walirukia mchangani kwa haraka, wakimshukuru Mungu kwa Kikisi na kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ahsante sana, ndaga fijo. Jailos, aliyekuwa amewafuata kwa mtumbwi, alimnyooshea dada yake mkono ashuke.

Tekla hakuupokea. Alikuwa ameketi palepale ukingoni juu ya boya, miguu yake inaning'inia ndani ya ziwa, anaichezesha majini.

"Shusheni vyungu kwanza," akasema. "Mimi niacheni kidogo."