Mwano wa Mama Ndani ya Mkanda

Mkanda wa sauti wa zamani unanuka siki. Si siki ya kachumbari, ni siki iliyolala miaka ndani ya sanduku la bati pamoja na vumbi na mavi ya mende. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea Jumapili ile mlangoni kwa mwanangu Masunga, hapa Somanda, na kabla jua halijapungua ukali nilikuwa nimemzaba kofi mbele ya wageni wake. Kijana wa miaka thelathini na miwili, mwenye mke, fundi simu anayeheshimika. Msinicheke kwanza, nisikilizeni.

Masunga na wenzake wameirudia mikanda. Alinunua kinasa sauti kikuukuu kwa mzee mmoja wa Mwanza, kile chenye magurudumu mawili mapana kama sahani za wali, moja linautoa mkanda, jingine linaupokea. Alikifungua, akakisafisha kwa spiriti na pamba, akabadilisha mipira iliyolegea. Sasa kila Jumapili mchana vijana wanajaa sebuleni kwake. Simu zote zinatupwa kwenye beseni, wanakaa kimya kuliko wanavyokaa kanisani, wanasikiliza muziki wa dansi waliouchezea babu zao. Wanasema muziki wa kwenye simu ni mkavu, huu una mwili. Mimi nilidhani ni wazimu wa watu walioshiba, mpaka besi iliponigonga kifuani nikakubali.

Siku hiyo alitaka kunifurahisha. Alikuwa ameingia chumbani kwangu bila kuniomba, akachukua mikanda ya marehemu babu yake. Ngoma za mavuno zikaanza, wanawake wakaitikia, wageni wakatikisa vichwa. Mimi nilijua kinachofuata baada ya ngoma zile. Nikamwambia, "Zima." Akacheka, "Mama, subiri kidogo, patamu panakuja." Ndipo kofi lilipomfikia. Nikaushika mkanda kwa mikono miwili, nikauvuta mpaka ukakatika, nikatoka bila viatu.

Baba yangu, Lufunga, alikuwa bwana shamba wa pamba upande wa Kiloleli, mtu mwenye tumbo kubwa na maneno machache. Kinasa sauti chake alikinunua kwa fundi wa kinu cha pamba aliyekuwa anahama. Juu ya paa letu alifunga spika ya honi. Akitaka kuwaambia watu muda wa kupiga dawa umefika, anaanza na ngoma, kwa sababu habari ya wadudu peke yake haijawahi kumtoa Msukuma nyumbani kwake. Watu wakishakusanyika kusikiliza ngoma, anazima, anawapa habari ya wadudu.

Siku moja alikuwa ananasa sauti za wanawake wakiimba uani kwetu, wezi wakaingia kwenye zizi la jirani. Mama aliwaona wa kwanza. Akapiga mwano, na mashine ikaendelea kuzunguka.

Kwa wasioujua, mwano ni yowe la hatari, lakini kwetu lina nguvu ya amri. Ukiusikia unaacha uji mdomoni, unashika fimbo, unatoka. Asiyetoka leo, siku yake naye hatatokewa. Na aliyetoka akapiga hana kosa. Mwenye kosa ni aliyepiga mwano wa uongo, na damu yote ikimwagika ni yake. Sheria hiyo tuliinyonya pamoja na maziwa. Ng'ombe wa jirani walirudi siku hiyo, na baba hakuufuta mwano ule. Aliuonea fahari. Alitusikilizisha mara moja kwa sauti ndogo, akasema, "Sikieni kifua cha mama yenu," kisha akatukataza tusiuguse tena.

Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, baba yuko ghalani, mama kaenda mashine ya kusaga. Rafiki yangu Kabula akaniambia baba yangu ni mwongo, hakuna mashine inayoweza kushika mwano. Angekuwa amenitukana mimi ningevumilia. Nikauweka mkanda, nikawasha. Waya wa honi ulikuwa umechomekwa tangu asubuhi, nami sikuutazama.

Sauti ya mama ililipuka juu ya paa letu kubwa kuliko mama mwenyewe. Nilirukia vitufe, na kwa kiherehere nikazungusha cha kuongeza sauti badala ya cha kuzima. Ukalia mara tatu kabla sijang'oa betri. Tulipotoka nje mwano ulikuwa umeshadakwa na kina mama wa ng'ambo ya korongo, na wao wakaupeleka mbele, na kila mlango ulikuwa unatema mwanamume mwenye fimbo.

Kwenye njia ya ng'ombe alikuwa anapita mgeni, jina lake Masalu, mfanyabiashara wa Meatu, anaswaga ng'ombe sita aliowanunua mnadani kwa halali. Mtu mgeni, ng'ombe wageni, na mwano unalia. Hakuhitaji kosa jingine.

Tulipofika mimi na Kabula alikuwa ameshaanguka. Tulijibana kwenye ua wa minyaa, na nilichokiona zaidi ni migongo. Fimbo zilipanda na kushuka bila mpangilio, na zile zilizokosa mwili zilipiga ardhi na kurusha vumbi. Mtu mmoja alikuwa anampiga kwa jembe, upande wa mpini, huku analia mwenyewe kwa hasira. Masalu alikuwa ameinua mkono mmoja wenye karatasi, kibali chake cha mnada, anakipunga kama anayeomba lifti. Fimbo ikauvunja mkono, karatasi ikadondoka, wakaikanyaga. Goti lake lilikuwa limegeuka upande ambao goti haligeuki. Jicho la kushoto halikuonekana tena, palikuwa na damu tu na mchanga. Alikuwa anamwita mama yake, "Mayu! Mayu!", na mimi nilijikojolea.

Kilichowasimamisha ni mama yangu. Alikuja mbio kutoka mashineni, unga umemjaa nywele, anapiga kelele, "Nani kapiga mwano? Nani kavamiwa?"

Wanaume wakageuka. Wote walikuwa wamemsikia yeye, na yeye ndiye anayeuliza. Fimbo zikashuka moja moja. Kisha mtu mmoja akainua uso akaitazama honi juu ya paa letu, na wengine wakafuata.

Baba alikuwa katikati yao, anahema, shati limelowa. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kwenye minyaa. Akasema, "Ni mimi. Nilikuwa naijaribu mashine."

Masalu alipona, kama kule ni kupona. Jicho lilikwenda, goti halikukunjika tena. Ndugu zake walikuja kutoka Meatu wanane, na wazee wetu wakawakabidhi baba kama mila ilivyotaka. Alilala kifudifudi mbele ya zizi, kijiji kizima kikitazama. Wale wanane walipokezana. Nilihesabu viboko mpaka arobaini, hesabu ikanipotea pale ngozi ya mgongo ilipoanza kushikamana na fimbo. Hakulia. Aliuma nyasi. Walipomaliza, wazee wakaiteremsha honi wakaikatakata kwa shoka, wakafanya vivyo hivyo na kinasa sauti. Mikanda ilinusurika kwa kuwa mama aliificha chini ya mtama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Baba hakuwahi kunitamkia neno juu ya siku hiyo mpaka anaingia kaburini. Nilikua nikimpenda kwa woga. Nilimkanda mgongo, nikampa mwanangu wa kwanza jina alilolitaka yeye, na kila nilipoyaona makovu yale nilijiambia: hivi ni viboko vyangu.

Kesho yake baada ya kumpiga Masunga nilipanda gari kwenda kwa mzee Jilala, aliyekuwa mpima pamba ghalani na rafiki wa baba. Kati ya wanaume wa siku ile ndiye pekee ninayejua yuko hai. Nilimkuta anaota jua, nikapiga goti.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Minza. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja kusema jambo. Nikasema kwa mara ya kwanza maishani mwangu: "Siku ile ya Masalu, ni mimi niliyewasha mashine. Baba alinifichia."

Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Tulijua, mwanangu. Baba yako alikuwa na mimi kwenye mizani. Angewashaje?"

"Mlijua?"

"Wote. Mwano ulipolia akasema, 'Huyo ni mke wangu.' Akatupita. Na tumbo lake lile, akatupita vijana. Alipomkuta mgeni hakuuliza kitu. Rungu la kwanza lilikuwa lake. La goti, lake. Sisi tulimalizia tu."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikamuuliza mbona walimwacha achapwe kwa uongo.

"Mwano wa mtoto si mwano," akasema. "Tungekutaja wewe, damu ingerudi kwa waliopiga. Ingerudi kwetu sote. Baba yako aliposema ni yeye, tulishukuru Mungu. Wabeja sana, tukasema moyoni, tukanyamaza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani alibeba viboko vyangu, kumbe alikuwa anapokea vyake, na vya wale waliosimama kumtazama akichapwa. Labda na vyangu vilikuwemo. Sitajua, na sasa nina hasira naye, na ninampenda kuliko zamani, na vyote viwili vinanichosha.

Nilipokuwa naaga nikamuuliza Jilala, Masalu aliishia wapi. Akakuna kichwa. Hakujua. Hakukuwa na aliyewahi kwenda Meatu kumtazama, wala kumuuliza goti lake linasemaje, wala kumrudishia hata ile karatasi.

Alinijibu hivyo bila aibu, na mimi nikafungua mdomo nimlaumu. Nikaufunga. Miaka arobaini nimekuwa nikimlilia baba yangu aliyechapwa, na katika machozi yote hayo sijawahi kutoa hata tone moja kwa mtu yule aliyekuwa anamwita mama yake.