Kola ya Tausi

Mume wangu hutengeneza vioo vya rangi, vile vya madirisha makubwa, vipande vinavyounganishwa kwa madini ya risasi mpaka viwe picha. Mtaa mzima humwita Vipande. Mimi ni fundi nguo. Meza tunayo moja, nusu yake na nusu yangu, na katikati kuna mstari wa chaki ambao yeye hauoni. Hata karatasi ya kaki tunanunua pamoja, maana yeye kama mimi hakati kitu kabla hajakikata kwanza kwenye karatasi. Huiweka juu ya kioo, akafuata ukingo wake kwa kisu. "Karatasi haidanganyi," husema, utadhani yeye ndiye aliyeivumbua.

Mwaka jana alipewa kazi ya kukarabati dirisha la ngazi za maktaba. Lilikuwa na tausi, ila shingo yake ilivunjwa na mpira zamani na hakuna aliyekumbuka ilivyokuwa. Akachora shingo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikafika mahali anakula huku amenyoosha shingo yake mwenyewe, ajue inavyokaa. Nilicheka mpaka mchuzi ukanipalia.

Lakini aliyemtia wasiwasi hasa ni shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka minne na hajawahi kuisifu kazi yake hata siku moja. Shangazi hulitazama dirisha, akauliza, "Na hili linafunguka?" Halifunguki. "Basi ni ukuta." Safari hii alikubali kuja siku ya uzinduzi, mradi nimshonee gauni. Vipande hakulala vizuri wiki nzima.

Sasa niseme na la kwangu. Jumanne moja nilichoka na fujo, nikaipanga ile meza yote, yake na yangu. Nilijisifu sana siku hiyo.

Asubuhi ya uzinduzi Shangazi akaja kujaribu gauni. Kiuno kilimkaa, mikono ikamkaa. Kola, upande mmoja ulimpanda hadi sikioni, wa pili ukachomoza begani.

"Hii nini? Nimeota bawa?"

Nilipoikata niliishangaa, lakini nikadhani ni mtindo mpya nilioubuni mwenyewe. Nikaitafuta karatasi yake. Kwenye kona, kwa mwandiko wa mume wangu: 14, bluu, shingo. Nikamvuta Vipande jikoni.

"Ile shingo uliyoikata ilikuwaje?"

"Imepinda kama nusu mwezi, ina ncha. Hata mimi niliishangaa, nikasema lazima ni ule mchoro wa tatu. Nikavipunguza vioo vya pembeni mpaka vikaitii."

"Ile ni kola ya shangazi yako."

Akakaa juu ya ndoo. "Karatasi zimechanganyikaje?"

"Upepo," nikasema.

Tulikwenda. Kola ya Shangazi niliishika kwa pini sita, akawa anatembea kama mwenye shingo ya mbao. Msimamizi wa maktaba akavuta shuka. Tausi alipendeza, tusidanganyane. Mkia wa kijani ulimwaga rangi hadi kwenye ngazi. Na shingoni, kola. Kola kabisa, ya mama mtu mzima, yenye ncha mbili kifuani. Watu walipiga makofi, kisha mmoja akacheka, kisha wote.

Shangazi hakucheka. Alipanda ngazi mbili, mkono wake kwenye pini. Mume wangu alikuwa amekauka midomo, nami nilimhurumia hadi nikataka kuanguka ili watu watazame kwingine.

"Huyo ndege amevaa kola yangu."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe," akasema Vipande.

Akaitazama kola, akarudi kuitazama tena.

"Imemkaa."

"Shangazi?"

"Imemkaa vizuri. Haina hata mkunjo." Akashuka, akamshika mume wangu mikono yote miwili, akaigeuzageuza kama anayenunua. "Kumbe mwanangu una mikono. Miaka yote hii ulikuwa unaificha kwenye kuta."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, jifunze kwa mumeo."

Miaka kumi na tisa ya kushona ilinijaa mdomoni. Nikamtazama Vipande akifuta machozi kwa mkono wa shati, nikakumbuka nani aliipanga ile meza.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema.