Sisi Tuliokaa Barazani

Nafundisha Kiingereza sekondari, na neno "we" sijawahi kulitengea hata nusu ya kipindi. Naliandika ubaoni, naandika "sisi" mbele yake, wanafunzi wananakili, tunasonga. Anayeuliza swali juu ya neno hilo namwona anatupotezea muda. Sikujua kwamba kuna siku ningelikalia neno hilo kwenye benchi la hospitali, tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, huku mguu wa baba yangu ukioza.

Baba ana sukari. Jembe lilimgusa mguuni akipalilia viazi nyumbani kwetu Malindi ya milimani, si ile ya pwani, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeshaanza kufa ganzi, aliendelea kuvaa buti la mpira juu ya kidonda kama vile hakuna kitu. Tulipokuja kugundua, soksi ilikuwa imeshikana na nyama na vidole vimekuwa vyeusi. Tulikodi gari tukamfikisha hospitali. Daktari wa zamu alikuwa mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo, Kiswahili chake kimeishia kwenye "pole sana", na muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa chumba cha upasuaji. Nikajitokeza, tena kwa kujidai kidogo, nikasema mimi ni mwalimu wa Kiingereza.

Daktari aliinama juu ya kitanda akamwuliza baba, "How are we today?" Nikatafsiri kama nilivyosikia.

"Anauliza, tunaendeleaje leo?"

Baba akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Kwani na yeye anaumwa?"

Nilicheka, na daktari akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Kisha akafunua shuka, akaushika mguu, na uso wake ukabadilika.

Alitoa kalamu akachora mstari kuzunguka mguu, chini ya goti, pale wekundu ulipokomea. Akaniambia sumu inapanda. Akasema "we" tena: tunafikiri mguu ukatwe chini ya goti, leo hii, kabla mstari huu haujavukwa. Nilichungulia nyuma yake nione hao wenzake wanaofikiri pamoja naye. Hapakuwa na mtu. Nikaelewa kwamba hapo anaongea kwa niaba ya vitabu vyake na walimu wake na hospitali nzima, ili jambo zito namna ile lisimwelemee peke yake, na sikumlaumu. Mkuu wetu wa shule naye husema "tumeamua" wakati ameamua mwenyewe ofisini, kikombe cha chai mkononi. Lakini daktari akaongeza kwamba sasa "we" lazima tuamue, na safari hii yeye mwenyewe hakuwamo. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilitoka nje nikampigia simu baba mkubwa.

Niwaeleze wasiotujua. Katika ukoo wetu mgonjwa haulizwi juu ya ugonjwa wake. Anaepushwa na maneno. Wanaozungumza ni ndugu, nje, barazani, na anayefunga mazungumzo ni mkubwa wao wa kuzaliwa. Baba mkubwa aliteremka zamani kwenda kulima Magoma, chini ya milima, ila neno la ukoo alishuka nalo. Bila yeye hakuna posa inayopokelewa wala shamba linalogawanywa, sembuse mguu kukatwa.

"Msifanye kitu," akaniambia kwenye simu. "Tunakuja."

Alikuwa anakuja peke yake.

Mvua ilikuwa imeangusha udongo barabarani, kwa hiyo kutwa nzima mimi na mama tulikaa kwenye lile benchi la barazani, chini ya dirisha la wodi, tukitazama njia. Daktari alipita akaniuliza kama tuko tayari. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba tunasubiri. Akapita tena, nikamjibu vilevile, na kila nikijibu nilisikia jinsi "we" yangu ilivyonyooka, ina adabu, haina kosa hata moja, na nyuma yake nimejificha mimi mwoga. Ndani baba alikuwa ametundikiwa dripu, anatetemeka kwa homa.  Mama alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

Baba mkubwa alifika jua likielekea kuzama, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Aliingia wodini, akamwekea mdogo wake kiganja kwenye paji la uso, akautazama mguu kwa muda, akatoka. Akakaa katikati ya benchi. Mama na mimi tukasogea. Nilimweleza yote aliyosema daktari, nikamweleza na habari ya mstari, nikitafuta maneno ya upole kana kwamba naomba ruhusa ya kwenda sokoni.

"Sisi hatukatwi," akasema. "Ukoo wetu wote umezikwa mzima."

"Daktari anasema iwe leo, baba mkubwa."

"Nimesikia. Jambo kubwa tunalilalia kwanza. Asubuhi tutasema."

Huo ndio utaratibu wetu pia, neno zito halijibiwi siku lililosikika. Kwa posa ni utaratibu mzuri sana. Watu wanalala, hasira zinapoa, asubuhi wanaongea kama binadamu. Lakini sumu ya kidonda haijui mila ya mtu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa na mdomo, nina elimu, nina mshahara uliolipia gari la kumleta baba, na bado niliinamisha kichwa nikasema, "Sawa baba mkubwa." Nikaenda kumwambia daktari kwamba tutajibu kesho. Alivua miwani akajifuta macho, akarudi ndani kuongeza dawa.

Nilimchukia baba mkubwa. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilichukia utulivu wake, nilichukia jinsi alivyojifunika koti lake akasinzia kwenye benchi letu kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi daktari aliniita kitandani. Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari wa kalamu, umepita goti, umeanza kupanda paja. Hakuniambia wanafikiri nini hospitalini. Alisema taratibu, "Naogopa huyu mzee atakufa." Sikumtafsiria mtu yeyote maneno hayo.

Nilipotoka, baba mkubwa alikuwa ameshaamka, amekaa sawasawa, anaanza kumweleza mama. "Sisi tumefikiri," nikamsikia. Sikusikiliza walichofikiri. Nikageuka, nikarudi wodini moja kwa moja, nikapiga magoti kando ya kitanda.  Mtoto wa kike, na wazee wapo nje, nakwenda kumwuliza mgonjwa. Niliongea naye Kishambaa, maana baba akiwa na homa Kiswahili humkimbia, na kwa Kishambaa baba namwita tate.

"Tate. Wanataka kukata mguu wako. Usipokatwa utakufa. Wewe unasemaje?"

Alifumba macho. 

"Tangu jana nawasikia hapo dirishani," akasema. "Sisi hivi, sisi vile. Nikawa najiuliza, au mimi nimeshakufa?"

 Nililia kwenye shuka lake.

"Nataka kuishi," akasema. "Mwambie huyo mgeni akate. Halafu mwambie kaka asiwaachie mguu wangu wakauchoma. Akauzike nyumbani. Namjua, hilo ndilo linalomsumbua."

Nilitoka nje nikayasema yote nikiwa nimesimama. Mama akashika mdomo. Baba mkubwa akanitazama, nami nikangoja laana.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

"Nani amemwuliza?"

"Mimi."

Aliweka viganja juu ya magoti. Kisha akanyanyuka, akaenda kumtafuta daktari, nikamfuata nyuma kutafsiri. Alikubali ukatwe, na hakuomba kingine zaidi ya kukabidhiwa huo mguu.

Baba aliishi. Yupo hadi leo, na bado anagomba. Lakini walimkata juu ya goti, katikati ya paja. Daktari alitukuta nje baada ya upasuaji, nguo zake zimelowa jasho, akaeleza kwamba mtu aliyebakiwa na goti hujifunza kutembelea mguu wa bandia kwa urahisi, hata kwenye milima. Kwa asiye na goti ni kazi kubwa zaidi, na kwenye miteremko ya mashamba yetu huenda asiweze kabisa. Jana, alisema, goti lingebaki.

"Anasema nini?" baba mkubwa akaniuliza.

Ningeweza kupunguza. Mkalimani ana nafasi hiyo, na mtu anayempenda mzee wake angeitumia. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Anasema jana goti lingebaki."

 Muuguzi alituletea mguu umefungwa kwa shuka, na nje ya shuka nailoni nzito. Ndani ya gari niliupokea ili niuweke nyuma, baba mkubwa akanikataza kwa mkono. Aliupakata njia nzima, akiukinga na kila shimo la barabarani, hadi Malindi.

Majirani walikuwa wametangulia na majembe yao, maana kwetu anayefiwa hachimbi kaburi. Waliposikia ni mguu hawakujua kama ni msiba au si msiba, lakini walikuja hivyo hivyo. Baba mkubwa aliwashukuru, akawaomba wakae kule mbele ya nyumba. Akachukua jembe la baba lililokuwa limeegemea ukuta. Mzee wa umri ule, kwenye udongo uliolowa, alichimba peke yake karibu na makaburi ya babu na bibi, anapumzika, anachimba tena. Nilisimama kwenye migomba nikamwangalia. Sikwenda kumsaidia, na sijui kama angekubali.

Shimo lilipokuwa na kina cha kutosha alipiga magoti kwenye tope, akaulaza ule mguu, akaacha kiganja juu yake. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikadhani anasali, nikasogea ili niitikie amina, ndipo nikamsikia.

"Mdogo wangu," alikuwa anasema. "Goti lako nimelichukua mimi. Mimi. Hakuna mwingine."