Mtu Abaki, Nyuma Itoke

Dada yangu alinipigia simu nikiwa darasani, hapa Kibondo, nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Kipindi kilipokwisha nikakuta ameniandikia: picha zote nizitoe nyuma, abaki mtu tu.

Wazazi wetu walikuwa wanajiandaa kwa ibada ya shukrani ya ndoa yao kule Kasulu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na nina laptop, familia ilishakubaliana, bila mimi kuulizwa, kwamba nitatengeneza slaidi za kuonyeshwa ukumbini baada ya ibada. Sikuona tatizo. Slaidi nazitengeneza kila wiki, za mzunguko wa damu na mmeng'enyo wa chakula. Nilidhani hii itakuwa kazi ya jioni moja: picha, maneno mawili chini yake, basi.

Picha zenyewe dada alizipiga kwa simu kutoka kwenye albamu ya mama, moja moja, akizilaza juu ya kitambaa cha meza cha kufuma. Kwenye nyingi kitambaa kilionekana vizuri kuliko watu. Kwenye moja kulikuwa na mwanga wa dirisha katikati ya uso wa baba, na kwenye nyingine kidole gumba cha dada mwenyewe.

Nikampigia. "Dada, nyuma gani unataka nitoe? Hicho kitambaa?"

"Kitambaa na yale mengine."

"Yapi mengine?"

"Mahema," akasema. "Wakwe zangu wanakuja kutoka Kakonko, ukoo mzima. Sitaki wakae pale wanamwangalia mama kasimama mbele ya turubai la msaada."

Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi wakiwa ndiyo kwanza wameoana, na dada akazaliwa kambini. Alikaa kwenye hema mpaka alipoanza kung'oka meno ya utoto. Mimi nilizaliwa baadaye, wakati baba ameshapata shamba la mihogo kijijini, na makaratasi ya uraia yakaja nikiwa shule ya msingi. Kwangu jambo hili halikuwa siri. Nenda soko la Kasulu siku yoyote uwaulize wauzaji, nusu yao watakwambia habari kama yetu huku wakikupimia maharage. Nikamwambia hivyo.

"Wewe hukulala mle," akasema, akakata simu.

Ijumaa nikashuka Kasulu na laptop yangu na hasira zangu. Nikakaa kwenye meza ya sebuleni kwa mama, nikaanza. Programu ya slaidi ina kitufe cha kutoa nyuma, na mtu anayeitangaza atakuonyesha chungwa juu ya meza nyeusi: unabofya, meza inapotea, chungwa linabaki limekatwa kingo safi. Sasa iletee picha ya karatasi iliyofifia, mwanamke mwenye gauni jeupe mbele ya turubai jeupe. Programu ilipaka rangi ya waridi iliyokoza kila ilichoona ni cha kutupwa, na ilichoona ni cha kutupwa ni bega la mama, nusu ya kilemba chake na mkono wote wa kulia. Turubai ikaliacha.

Kuna kalamu mbili za kusahihisha, moja ya kuashiria kinachobaki, nyingine kinachoondoka. Nilichora kwenye bega, bega likarudi pamoja na kamba ya hema. Nilichora kwenye kamba, kamba ikaondoka na sikio. Baba alipoteza masikio yote mawili katika picha tatu tofauti. Nilipompata na masikio, umeme ukakatika, na betri ya laptop yangu imechoka siku nyingi, haishiki hata dakika kumi. Umeme uliporudi nikakuta kazi yangu haikuhifadhiwa. Baba yuko pale pale mbele ya hema lake, ametulia, na masikio yake yapo.

Dada alifika mchana akavuta kiti karibu yangu. Hilo nalo lilikuwa tatizo. Kila nilichofanya alikuwa na neno.

"Hapo umeacha kitu."

"Ni kivuli chake, dada."

"Kitoe."

Tulikuwa kwenye picha ya mama akiwa kijana sana, amesimama wima, hana viatu, ameinamisha kichwa kidogo. Hiyo nilifanikiwa. Nilikuwa nimemkata vizuri kuliko picha zote na kumweka juu ya rangi ya samawati iliyopauka. Hata dada hakupata la kusema. Mama akaja kutoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo, akainama kutazama.

"Miguu iko wapi?" akauliza.

"Hiyo hapo, mama. Na vidole vyote."

"Si yangu. Ya huyu." Akamwonyesha dada kwa kidevu. "Nilikuwa nimembeba mgongoni. Miguu yake ilikuwa inatokeza hapa na hapa." Akajigusa kiunoni upande huu na huu, akaacha alama za unga kwenye kitenge.

Nikafungua ile ya mwanzo. Kweli, kwenye kiuno cha mama kulikuwa na vitu viwili vidogo vilivyofifia, ambavyo mimi nilividhania mikunjo ya turubai nyuma yake. Nilikuwa nimevichorea kalamu ya kuondoa mwenyewe, kwa uangalifu kabisa.

Dada aliinamia skrini. Nikadhani sasa ataniambia niache kila kitu kama kilivyokuwa.

"Rudisha miguu," akasema. "Hema usirudishe."

"Haiwezekani. Rangi ni moja. Nikirudisha miguu, turubai linakuja nayo."

"Wewe ni mwalimu. Utashindwaje?"

Hapo nikapandisha sauti. Nilimwambia afanye mwenyewe, nilimwambia wakwe zake wana macho ya kawaida na akili ya kawaida, nilimwambia mengine ambayo hayakuhusu picha. Naye akanijibu kwa kipimo hicho hicho. Mama alitukaripia kwa Kirundi, kwamba tukitaka kupigana tukapigane nje, ugali wake unaungua, akarudi jikoni.

Niliendelea kwa sababu ibada ilikuwa kesho yake. Nilipata mguu mmoja. Ulionekana kama kiazi kilichoning'inia kiunoni mwa mama, lakini ulikuwa mguu. Wa pili haukukubali.

Kesho yake ukumbini nikafunga projekta ya kuazima, nikaangalia madirisha. Hayakuwa na mapazia hata moja. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kiangazi limejaa humo ndani, na slaidi zangu zilitua ukutani kama maji juu ya chokaa. Ukikodoa sana ungeona kitu kinachofanana na kichwa. Mchungaji akatuomba tupige makofi, watu wakapiga makofi, wakiutazama ukuta kwa heshima. Mimi nikabonyeza slaidi moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Nilitamani kulia.

Wakati wa chakula, mama mkwe wa dada akasema hakuona kitu, nimletee hiyo mashine pale mezani. Nikaisogeza kati ya sahani za pilau. Akafika kwenye picha ya mama kijana.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Dada akafungua mdomo. Baba, aliyekuwa anachambua miiba ya samaki wa mgebuka, akawahi.

"Kambini hapo," akasema, hata hakuinua macho. "Nyuma yake kulikuwa na hema letu."

"Na hiki kinachoning'inia?"

"Mguu wa mkweo. Wa pili mwalimu kaukata."

Meza nzima ikacheka, na mama mkwe ndiye aliyecheka mpaka akaomba maji. Dada alicheka pia. Nilimwangalia nikashindwa kuamini. Jana mchana wote alinikalia kooni, na sasa anajifuta machozi ya kicheko. Mama mkwe akaomba chumvi kidogo, akabonyeza picha inayofuata. Hema halikuzungumzwa tena.

Jioni tulikuwa uani mimi na dada tunaosha masufuria. Sikuwa na hamu ya kuongea naye. Yeye ndiye aliyeanza, huku anakwangua ukoko wa pilau.

"Upepo ukivuma lile turubai lilikuwa linapiga kelele," akasema. "Mama alikuwa ananiziba masikio kwa mikono, mpaka nalala."

Hakuwahi kunisimulia chochote cha mle. Nilikuwa bado nina hasira, na mgongo unaniuma kwa kuinamia laptop. Nikammiminia maji kwenye sufuria, tukaendelea kuosha.