Siku Niliatamia Plagi ya Bukwe

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka wa 1998, saa nane kasoro dakika tano mchana, bukwe, bwana ya dada yangu mukubwa, alisema, "Bon, tunaanza. Mutu asiguse umeme."

Juu ya meza ya mama kulikuwa kompyuta ya zamani ya kuazima, waya, na pa mwisho ya waya kibao kijani kidogo kama biskuti. Bukwe alitaka kutia mu kile kibao sisteme aliyoiandika mwenyewe, ili kikae mu sanduku ya barafu ya samaki na kulia barafu ikianza kuyeyuka. Mwenye sanduku, mufanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, alikuwa anakuja kesho yake kuona. Kikilia, bukwe anapata kazi hapa Nchelenge. Kisipolia, anarudi Lubumbashi, na dada naye. Na dada ndiye anasemaga kwa niaba yangu. Mimi hata kupiga hodi kunanishindaga.

"Kwanza tunafuta yote yaliyo mu fulashi, kumbukumbu ya kibao," bukwe alinieleza, "kisha tunaandika mupya. Umeme ukikatika katikati, kibao kinakuwa jiwe."

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo ya kompyuta. Zilifika kumi na mbili tu kwa mia, mama akaingia.

Kwetu mwanaume hakai chumba kimoja na mama ya muke yake, wala hamusemeshi, mpaka siku watamupikia chakula kikubwa cha kumuingiza mu jamaa. Bukwe hawajamupikia bado. Aliruka kwa dirisha. Kiatu kimoja kilibaki.

Mama akajifanya hakuona. Alibeba pasi na yunifomu yake ya kanisa.

"Mwanangu, toa hii vitu, nipige pasi."

Nikakaa chini, juu ya plagi ya kompyuta iliyokuwa pale sakafuni.

"Unafanya nini pale?"

"Naatamia," nikanong'ona.

"Mayai ya nani?"

Bukwe, akichungulia namba kutoka dirishani: "Ambia mama imefika hamsini!"

Mama, akiangalia ukuta: "Ambia bukwe wako, kuku moja haatamii hamsini."

"Ambia mama anivumilie kidogo!"

"Ambia bukwe, kanisa haivumilii makunyanzi!"

Walisikiana vizuri kabisa. Mimi nilikuwa simu ya bure, na simu yenyewe haina sauti: niligeuza kichwa tu, huku na huku.

Kisha mama akashika waya, akavuta.

"MAMA, HAPANA!"

Hata mabata ya jirani yalishituka. Mama akaachia waya, akakaa kwenye kiti. "Kumbe unayo sauti," akasema, na akangoja mpaka namba ikafika mia na kibao kikafanya piii.

Asubuhi yake, siku ya Mungu, mufanyabiashara aliingiza sanduku yake sebuleni. Bukwe alitia kibao, akaondoa barafu. Tukangoja. Kikalia kama mutoto wa kuachishwa ziwa. Mufanyabiashara akacheka mpaka akashika tumbo.

"Unabaki hapa, utanitengenezea na zile sanduku zingine. Nani alikusaidia?"

Bukwe akaninyooshea kidole. Wote wakanigeukia. Na mama, mu yunifomu yenye makunyanzi, akaingia kwa furaha akisema, "Ni mutoto yangu!"

Bukwe akakimbilia dirisha. Akakuta mimi niko mu dirisha tayari, muguu moja inje.