Jioni Waliyomtaja Clem

Tangu mkaratusi ulipomwangukia Clem Pascoe ukamuua, hakuna mtu wa Warrabeen, mji mdogo wa wakata miti huko Australia, aliyelitaja tena jina lake mbele ya mkewe, Una. Si kwa roho mbaya. Kuni zilifika mlangoni kwake zimeshapasuliwa, asijue nani kaleta. Ila watu wa mbao ndivyo walivyo, msiba wanaumeza na kesho yake wanarudi msituni. Una aliendelea kuwapikia kondoo na viazi kwenye bweni la kiwanda cha mbao, jina la mumewe limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyemtatiza zaidi ni Mick Lenehan. Yeye na Clem walikuwa wakishika msumeno mmoja, huyu huku na yule kule. Sasa Mick alikula kainamisha kichwa, akimaliza anatoka kwa mlango wa nyuma. Una akadhani anajivuna.

Ndipo zikaja habari kwamba televisheni ya Melbourne itaonyesha mchezo wa kuigiza wa mji wa mbao, mji kama wao. Televisheni ilikuwa moja tu, kwenye baa ya hoteli, na wanawake hawakuingia baa. Dwyer, mwenye hoteli, akaibeba mpaka chumba cha kulia.

"Atakayetukana mbele ya kina mama, namtoa nje," akaonya.

Walianza kwa kucheka. Msitu wenyewe ulikuwa umechorwa kwenye kitambaa.

"Mtazameni anavyoshika shoka! Utadhani anakoroga uji!"

"Mwache, bwana. Kwao wanakata mkate tu."

Kisha, mchezoni, mtu mmoja akauawa na mti. Mti hawakuuonyesha. Walimwonyesha mkewe anapangusa meza, na wanaume mlangoni, kofia mkononi, hakuna anayefumbua kinywa. Kicheko kikakatika chumba kizima.

Mchezo ulipokwisha, Dwyer akazima. Hakuna aliyeinuka. Mara Mick akasimama.

"Bi Una, ule mti ulikuwa unanijia mimi. Clem alinisukuma. Kila nikikaa mezani kwako, chakula hakishuki."

Una akamgeukia.

"Kumbe! Na mimi nilidhani mapishi yangu yamekushinda!"

Mick akacheka huku machozi yanamtoka, na hapo ndimi zikafunguka. Mmoja akakumbuka Clem alivyoimba vibaya hata ng'ombe wa kuvuta magogo wakagoma. Mwingine akasema Clem hakujua kuiba kwenye karata, ila hakuacha kujaribu. Una alicheka, akalia, akataka waendelee.

Tangu siku hiyo Mick alipitia mlango wa mbele, na kila Jumapili akala kwa Una mpaka uzeeni.

Wiki ile Una alioka keki ya matunda, kubwa, akaituma kwa treni kwa wale waigizaji wa Melbourne. Majibu hayakuja, wala hakuyangojea. Alitaka tu waliomrudishia jina la Clem wale kitu kilichotoka mikononi mwake.