Rahila Aenda Kuomba Jina kwa Mwingereza

Rahila, mke wa kaka yangu Talal, ni fundi wa mapazia. Ukumbi wa wageni wa nyumba yao ya Al Amerat, mji wa milimani, kaugeuza karakhana: cherehani mbili, meza ya kukatia, na majora ya vitambaa mpaka mlangoni. Ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mteja akimletea maneno hujibiwa papo hapo, kisha hushonewa vizuri mpaka akaona haya. Basi mtu huyo ndiye aliyekaa karibu wiki nzima mbele ya kioo cha chumba cha watoto njiti, hali, hasemi, tasbihi kaishika tu haihesabu.

Alikwisha kuzika wawili. Noof kwanza, halafu Ghadeer, wasichana wote, na hakuna aliyetimiza arubaini. Huyu wa tatu kazaliwa na miezi saba, yumo ndani ya kisanduku cha joto, mipira puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha kifaranga. Daktari kasema siku hizi ndizo za kuvuka au kutovuka. Na tangu azae, Rahila hajamwita mtoto chochote. Hata "mwanangu" halijamtoka. Anaogopa kumwita, mauti yasije yakasikia.

Lakini siku ya saba ilikuwa kesho, na siku ya saba mtoto hupewa jina. Mama yangu, Bi Mahbuba, akaja na lake, kalichukua Unguja zamani.

"Aitwe Mtupeni," kasema. "Tumweke jaani kidogo, jirani amwokote, sisi tumnunue kwake. Mauti hayaokoti takataka. Ndugu yangu kaponea hivyo hivyo."

"Jaa liko wapi hapa hospitali, mama?" nikamwambia. "Au utamtoa na mipira yake?"

"Basi jina tu. Jina tu litatosha."

Talal akaruka. "Astaghfirullah, mama! Tumeusiwa majina mazuri. Binti yangu ataitwa Maha."

"Noof lilikuwa na ubaya gani?" Rahila kauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Talal akatazama viatu vyake.

"Mtupeni simwiti," Rahila akaendelea. "Simtupi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nnataka Elfrida."

"Nini hiyo?" mama kasema. "Dawa ya kikohozi?"

Elfrida ni mteja wake, Mwingereza mjane anayekaa Qurm pwani miaka mingi, amepita tisini, na bado hupanda ngazi mwenyewe kukagua kama pazia limening'inia sawa. Rahila alikuwa keshalifikiria jambo hili peke yake pale mbele ya kioo.

"Jina lile limeshavaliwa miaka tisini halijachanika," kasema. "Nnataka jina lililokwisha kuishi. Na kwetu hakuna analo. Nikiliita, hakuna aliyelala kaburini atakayeitika."

Talal hakuwa na nguvu ya kubishana. Ila jina la mtu haliokotwi tu; huombwa kwa mwenyewe, kwa sababu atakuwa somo wa mtoto, mwenzake wa jina. Nikamtia Rahila garini, kidonda cha kuzaa kwa kupasuliwa hakijapoa, kila tuta analia chini kwa chini, tukateremka milima mpaka Qurm.

Bi Elfrida katufungulia mwenyewe na bakora yake. Kiarabu chake ni cha sokoni lakini hakimshindi. Rahila kamweleza amesimama, kakataa kiti.

Bibi kacheka. "Jina hili! Skuli walinicheka mpaka nikataka kulizika. Hata kwetu Uingereza hulikuti tena."

"Ndiyo maana nnalitaka, mama. Nipe."

Kicheko kikamkatika. "Binti yangu, si langu hasa. Alikuwepo Elfrida kabla yangu. Dada yangu. Alikufa ana wiki tano. Nilipozaliwa mimi, mama akanipa jina lake."

Rahila kateleza ukutani mpaka chini. Nimemwona katika misiba miwili, sijapata kumsikia akitoa sauti ile.

"Hata hili!" akalia. "Yarabi, hata hili! Nimevuka bahari kutafuta jina, nimekuta maiti kanitangulia!"

Nikainama nimnyanyue, hanyanyuki. Bi Elfrida hakumwambia nyamaza. Kaenda ndani taratibu na bakora yake, karudi na kigauni cheupe kilichogeuka rangi ya chai, akamwekea mapajani.

"Alivaa yeye," kasema. "Kisha nikavishwa mimi."

Nikataka kukitupa mbali. Nguo ya maiti! Lakini mikono ya fundi haijui kukaa na nguo bila kuipindua. Rahila, machozi bado yanamtiririka, akageuza upindo, akaukaribisha machoni. Jina lilikuwa limedariziwa pale.

"Mama yako kalishona mara mbili," kasema. "Uzi wa chini umepauka. Hakuufumua. Kapita juu yake, tundu zile zile." Akanyanyua uso. "Hakuogopa, mama yako?"

"Nilimuuliza. Akasema aliogopa kila usiku, mpaka siku niliyoolewa."

Rahila kakikunja kigauni, kakitia mkobani. "Na jina ni lako," bibi kamwambia akimuaga.

Hospitali mama yangu alikuwa mlangoni. "Umelipata?"

"Nnalo. Na lina maiti, kama mengine."

Mama kajiziba mdomo kwa mtandio.

Muuguzi kakataa kigauni kisiingie, si kisafi. Rahila hakubisha. Kanawa mpaka viwikoni, akatia mkono katika tundu la kisanduku, akaweka kiganja juu ya kile kifua, na kwa mara ya kwanza akamwita.

"Elfrida."

Mtoto hakutikisika. Mashine ikaendelea na mlio wake.

"Elfrida binti Talal. Dada zako ni Noof na Ghadeer. Mimi mama yako. Nnakuogopea, mwanangu, lakini nnakuita. Elfrida."

Sauti ilikuwa ndogo, mimi niliye begani kwake naisikia kwa taabu, haifiki hata kitanda cha pili. Nyuma ya kioo mama yangu, anayeona midomo tu, kashusha mtandio, akakigonga kwa pete yake.

"Mwite kwa nguvu!" kasema. "Kama umeamua kumwita, mwite asikie!"